Gari ni namba A lakini limetunzwa: niliuze bei gani?

BARUA

Mshauri, habari za kazi? Safu yako naisoma kila wiki, na kwa ile picha yako naona umri wako ni wa mwanangu wa tatu. Uniwie radhi basi nikikuita mwanangu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Morogoro. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, ya kukanyaga klachi, rangi ya fedha. Niliiagiza Japani mwaka 2006, na mpaka inaingia uani kwangu, ushuru na kila kitu, ilikuwa imekula milioni 9 na laki 4 za wakati ule. Kadi ina jina langu, haijapita mkono mwingine. Ilikuja ikisoma kilomita 71,000, leo inasoma 218,000 na kidogo. Haijawahi kugongwa na injini haijafunguliwa.

Kila fundi akiligusa gari hilo naandika kwenye daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Ni tabia niliyotoka nayo wodini. Nimekupigia picha kurasa chache uone mwenyewe. Mwaka huu peke yake nimebadilisha shokapu zote nne, rejeta, na nimefunga matairi manne mapya. Jumla 1,450,000.

Nauza kwa sababu macho yangu hayataki tena taa za magari ya usiku, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 sina haja ya kuendesha mpaka Dar kuwaona wajukuu. Gari linashinda chini ya mwembe.

Tatizo ni bei. Alikuja dalali kutoka Msamvu. Akalizunguka gari mara moja, akasimama nyuma, akasoma namba ya usajili, ambayo kwangu ni ya herufi A, zile za zamani kabla ya B, C na D, akasema: "Mama, hii namba A. Nikupe tatu na nusu, hela leo leo." Nikamwambia, mwanangu, hata boneti hujafungua. Akanijibu: "Mama, hapa mjini hainunuliwi boneti, inanunuliwa namba." Nilikasirika mpaka nikasahau kumkaribisha maji.

Kijana wangu wa mwisho akatafuta matangazo ya 110 kama yangu. Ameona ya milioni 4.2, ya 4.8, ya 5.5, na moja ya milioni 7.5 ambayo anasema ipo hapo tangu kabla ya Ramadhani. Kwa upande mwingine, jirani yangu kauza Toyota IST namba D kwa milioni 10, na ile IST ilikuwa inavuja oili mpaka uani kwake kumebaki doa. Hata IST namba C ambayo bampa yake imefungwa kwa waya kijana ameona wanataka milioni 7. Mimi nikasema basi langu, lisilo na doa, liwe milioni 8. Kijana akacheka.

Fundi wangu anashauri nilipige rangi upya gari zima, laki 7, anasema litauzika haraka. Kuna mwingine, simtaji, kasema anaweza "kunitafutia namba D". AC nayo inapuliza lakini haipoozi kama zamani. Na juu ya yote, mtoto wa kaka yangu analitaka kwa milioni 3, alipe kidogo kidogo, "si uko nyumbani, shangazi".

Nifanye nini, na bei yangu ni ipi?

Muuguzi Mstaafu, Morogoro


JIBU

Shikamoo mama. Umeniita mwanangu, nami nimeipokea, kwa hiyo nitakujibu kama mtoto anayemjibu mama yake, bila kuzunguka.

Tangaza milioni 6 na laki 2. Tegemea kushika mkononi kati ya milioni 5 na laki 4 na milioni 5 na laki 7. Chini ya milioni 5 usishuke kwa mtu usiyemjua, labda miezi iwe imepita na hakuna aliyepiga simu. Milioni 8 hutaipata, na nitakueleza kwa nini, maana ukielewa hilo utaweza kumjibu mteja yeyote bila hasira.

Yule dalali alikosa adabu, lakini nusu ya alichosema ni kweli. Kwetu Tanzania herufi ya namba imegeuka kuwa umri wa gari, ingawa kinachosomeka pale ni wakati gari liliposajiliwa nchini tu. Corolla ya mwaka 1998 iliyoingia miaka mingi baada ya yako ikapewa namba D ina umri uleule na ya kwako, na bado itauzwa ghali zaidi. Mnunuzi anaposoma A anasoma miaka mingi ya barabara zetu, mafundi wetu, na mikono mingi iliyolipitia gari. Hofu ya mikono mingi wewe unaweza kuiondoa, kwa sababu kadi ina jina lako tangu siku ya kwanza. Hiyo miaka huiondoi. Halafu kuna hesabu nyingine anayoipiga kimya kimya: siku akitaka kuliuza yeye, naye ataambiwa "hii namba A". Punguzo hilo hulishindi kwa maneno. Lipo, lihesabu, uendelee.

Sasa milioni 8. Kosa lake ni kwamba umelilinganisha gari lako na IST ya jirani kwa hali ya gari, wakati mnunuzi hagawi magari hivyo. Yeye anaanza na fedha aliyonayo. Mwenye milioni 8 mfukoni hatafuti 110 nzuri, anatafuta IST. Akikosa IST nzuri ananunua IST mbovu, kama ile ya bampa yenye waya, kisha anaitengeneza taratibu. Utamwambia 110 yako haina doa, atakubali, atakusifu, na ataondoka. Kwa hiyo dari ya bei yako ni pale IST iliyochoka inapoanzia, na umeniambia mwenyewe ni milioni 7. Ukifika 6.8 au 6.9 tayari mnunuzi anajiuliza kwa nini asiongeze kidogo ahame daraja. Gari lako ni la mwenye milioni 5 mpaka 6 ambaye anajua kabisa hapati IST, na hataki kununua ugonjwa. Kwa mtu huyo, mama, wewe una gari bora kuliko yote atakayoyaona mwezi huu. Lakini ni kwa mtu huyo tu.

Kuna wanaopanga bei kwa kutazama gharama ya kuagiza jingine: bei ya Japani, meli, kisha kikokotoo cha TRA. Kwa gari la karibuni ni njia nzuri sana. Kwako haisaidii. Gari likishazeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu linapoingia, na sioni nani leo ataagiza 110 kwa masharti hayo. Ile milioni 9 na laki 4 ya 2006 nayo usiitaje mbele ya mteja. Umeshaila yote, kwa karibu miaka 20 ya kwenda kazini na kurudi.

Yale matangazo ya kijana wako ni bei za kuomba, si bei zilizolipwa. La milioni 7.5 lililokaa tangu kabla ya Ramadhani linakufundisha kitu kimoja tu: bei ambayo 110 haiuziki. Mengine matatu mwambie apige simu kama mnunuzi, aulize gari lipo, lina shida gani, aende kuliona moja angalau. Kwa kawaida mtu aliyeandika 4.8 anashuka laki 3 mpaka 5 ukisimama mbele yake na hela. Kwa hiyo 110 za kawaida kwa orodha yako zinaondoka kuanzia milioni 3.8 hivi mpaka 5 kasoro au 5 kamili. Na kuna mtego mdogo ninaoupenda: kijana aende kwa dalali mwingine, si yule wa Msamvu, aseme anatafuta 110 safi ya kukanyaga klachi, asitaje bajeti, amwachie dalali aseme bei. Atatajiwa bei. Tofauti kati ya bei hiyo na ile 3.5 uliyotajiwa wewe ndiyo chakula cha dalali, na soko limo humo katikati. Sishangai akiambiwa milioni 5 na nusu kwa gari ambalo ukilifungua mlango unasikia harufu ya petroli.

Juu ya hapo ndipo tunaweka matunzo yako. Nimeyapa laki 5 mpaka 7, na najua utaona ni kidogo, hasa ukikumbuka ile 1,450,000 ya mwaka huu. Fedha ile hairudi, mama. Mnunuzi hakulipi kwa shokapu kwa sababu anatarajia gari liwe na shokapu. Matunzo yanaonekana mahali pengine: mnunuzi atakuja na fundi wake, na kazi ya fundi yule ni kuhesabu kasoro. Bushi zimeisha, laki. Boljointi, laki. Rejeta inavuja, laki na nusu. Gari la milioni 5 linashushwa mpaka 4 hapohapo barabarani. Kwako atalala chini, atatikisa magurudumu, atapitisha sumaku kwenye milango kutafuta puti iliyojazwa chini ya rangi, atainuka anapangusa magoti bila cha kusema. Wenzako wenye 110 wataanza 5.5 na kumaliza 4.5, wewe utaanza 6.2 na kumaliza 5.6. Faida yako ni hiyo.

Lakini hayo yote yanategemea aamini, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwenye lile daftari.

Kurasa ulizonitumia nimezisoma zote kwa kuzikuza kwenye simu. Ukurasa mmoja wa 2016 unasema mkanda wa taimingi umebadilishwa, kilomita 152,600, pamoja na pampu ya maji na sili ya mbele. Hiyo ni habari kubwa kwa injini ya 5A, kwa sababu mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na mnunuzi ataona kwa hesabu yake mwenyewe kwamba bado ana kilomita zaidi ya 30,000. Gari la umri huo, wauzaji wengi hawajui hata kama mkanda uliwahi kuguswa. Jambo jingine ni kilomita zenyewe. Siku hizi kila mtu anaamini mita imerudishwa nyuma, na ukisema 218,000 watatabasamu. Daftari lako linaonyesha namba ikipanda oili baada ya oili, mwaka baada ya mwaka, kwa kalamu ya bluu, mara nyeusi, mara penseli, na kuna ukurasa una alama ya kikombe cha chai. Hakuna anayeweza kughushi kitu hicho usiku mmoja. Likae kwenye kiti cha mbele siku ya kuonyesha gari, na umwachie mteja alifungue mwenyewe. Usimsomee.

Sasa geuza ukurasa wa 2017. Umeandika: mlango wa nyuma kushoto, kunyoosha na rangi, bodaboda, 120,000. Kwenye barua umeniandikia halijawahi kugongwa. Najua kwako bodaboda aliyekwaruza mlango sokoni si ajali, na kwa mazungumzo ya kawaida uko sahihi. Lakini mteja akishaambiwa "halijagongwa" kisha sumaku ikagoma kwenye mlango huo, au akakutana na mstari huo ndani ya daftari lako mwenyewe, kila ulichosema kabla yake kinakufa, pamoja na mkanda wa taimingi. Sema wewe kwanza: "Mlango huu ulikwaruzwa na bodaboda 2017, ukanyooshwa. Bodi nyingine ni rangi ya kiwandani." Sentensi hiyo haikupunguzii hata elfu kumi.

Ndiyo maana rangi nasema hapana. Fundi wako anakupenda, lakini laki 7 hiyo itakurudishia hasara. Gari la 1998 linalong'aa kama limetoka dukani jana linamfanya mnunuzi ajiulize limefunikwa nini, na wewe utakuwa umeifuta ile rangi ya kiwandani ambayo ni nusu ya ushahidi wako. Mikwaruzo ya kweli iache. Lioshe vizuri, safisha viti, ondoa mazulia ya ziada. Injini iache na vumbi lake; ikioshwa siku ya mteja watadhani unaficha oili inayovuja, na maji yakiingia kwenye distribyuta gari litakataa kuwaka mbele ya mtu aliyetoka Dumila kuja kuliona.

AC mpelekee fundi wa AC, si fundi wako wa kawaida, akupimie kama gesi inavuja na inavuja wapi. Ikiwa ni oringi, ule mpira wa kuziba maungio, au bomba dogo, tengeneza, kwa sababu kwa joto la Morogoro AC isiyopooza inakatwa zaidi ya gharama yake. Akisema kompresa, usiguse. Mwambie mteja AC inahitaji kompresa na kwamba bei umeshaipanga ukijua hivyo.

Huyo wa "namba D" usimfungulie hata geti. Namba inafuata chesisi, na chesisi yako imeandikwa kwenye kadi na kugongwa kwenye chuma cha gari. Ukibandika namba ya gari jingine umefanya jinai, na mnunuzi wa kwanza mwenye akili atakayelinganisha chesisi na kumbukumbu za TRA atakukimbia, kama hatakupeleka polisi.

Nani atanunua? Vijana wa mjini wengi wamejifunzia gari la otomatiki, na klachi inawatisha, kwa hiyo hao wasahau. Wako wengine. Shule za udereva zinataka magari madogo ya kukanyaga klachi, na Corolla ni kipenzi chao kwa sababu spea zake zimejaa Gerezani na Kariakoo na kila fundi anaijua hata akiwa amefumba macho. Mwalimu anayenunua gari la kwanza. Mwenye duka la pembejeo anayetaka kitu cha kwenda shamba na kurudi. Fundi mwenyewe, anayenunua kwa ajili ya mke wake. Huyo ndiye mteja mzuri kuliko wote, anajua anachokiona na hazungushi maneno. Kabla hujatangaza popote, acha neno kwenye gereji mbili tatu na kwenye shule ya udereva iliyo karibu nawe. Kwa shule ya udereva uangalie kitu kimoja: wao hawajali daftari sana, wanajali klachi na bei, kwa hiyo watakuwa upande wa chini wa bei yako. Hata hivyo hulipa haraka.

Tangazo liwe fupi na lijae vitu ambavyo wengine hawana. Ningeandika hivi:

"Toyota Corolla 110, 1998, injini 5A, gia za mkono. Namba A, mmiliki mmoja tangu 2006, kadi jina langu. Km 218,000, daftari la matengenezo lote lipo. Mkanda wa taimingi km 152,600. Shokapu, rejeta na matairi vya mwaka huu. Mlango mmoja ulinyooshwa 2017, bodi nyingine rangi ya kiwandani. Ipo Morogoro. Milioni 6.2. Njoo na fundi wako."

Umeona namba A nimeiandika mstari wa pili. Mwenye kuichukia asipoteze nauli yake na wewe usipoteze asubuhi yako. Neno "maelewano" sikuliweka. Kila Mtanzania anajua bei inaongeleka, ukiliandika unawaambia umeshashuka kabla hawajafika. Picha zipigwe asubuhi gari likiwa nje ya mwembe: mbele, nyuma, pande zote, dashibodi ikisoma kilomita, ukurasa wa daftari, na ubavu wa tairi pale penye zile tarakimu nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa. Wanaojua wataangalia hapo, maana kuna "matairi mapya" yaliyokaa dukani miaka sita.

Simu zitaanza, na nyingi zitaanza na "mwisho ngapi?" Kwa mtu ambaye hajaliona gari jibu ni moja: "Njoo ulione kwanza, tutaongea." Ukitaja 5.6 kwenye simu, akifika uani hiyo 5.6 ndiyo itakuwa mwanzo. Akija, akakagua, fundi wake akamaliza, mwache yeye ataje. Akisema 5, rudi 6. Atapanda mara mbili. Ukishuka, shuka kwa sababu unayoitaja, mathalani ile AC, usishuke kwa kuonewa huruma wala kwa "mama yangu nisaidie". Dalali akija tena, mwambie bei yako safi ni 5.6 na cha juu atafute mwenyewe kwa mnunuzi wake, ila asiliondoe gari hapo uani bila wewe au kijana kuwemo ndani. Kabla ya mteja kulijaribu barabarani, kitambulisho chake kibaki nyumbani na kijana akae kiti cha pembeni.

Karatasi. Angalia leo kama gari lina faini ya barabarani isiyolipwa kwenye mfumo wa polisi, maana 30,000 iliyosahaulika inaweza kukwamisha biashara ya milioni 5 siku ya mwisho. Andaa TIN yako, mnunuzi awe na yake, uhamisho wa umiliki TRA unazihitaji zote mbili, na mkubaliane mapema nani analipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Kwa kawaida ni mnunuzi, lakini kisicho kwenye maandishi huzaa ugomvi. Mkataba ufanyike kwa wakili: namba ya chesisi, namba ya injini, bei halisi, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu. Akikamatwa kwa mwendo kasi Mikese saa kumi jioni, uwe na karatasi inayosema gari lilitoka kwako saa sita. Malipo yapitie benki, mkiwa wote mpo dirishani, na usiamini ujumbe wa simu unaosema fedha imeingia mpaka karani akuambie salio. Ukishauza hakikisha uhamisho unafanyika. Mnunuzi anayesema "kadi tutabadilisha baadaye" anataka gari lake liendelee kuitwa kwa jina lako.

Muda nao una bei. Gari linaloshinda chini ya mwembe linakula betri, panya wanapenda nyaya zake, na matairi mapya yanakaa upande mmoja. Liwashe na uliendeshe kidogo kila wiki mchana. Na kama unaweza, usiingie sokoni Januari. Mwezi huo wenye shida ya ada ndio wanaouza, na wenye hela za kununua wamezimaliza kwenye sikukuu.

Nimemwacha mtoto wa kaka yako mwisho kwa sababu ndiye anayekusumbua kuliko dalali, sivyo? Milioni 3 kwa gari linaloshika 5.5 maana yake unampa zawadi ya milioni 2 na nusu. Unaweza kuitoa, ni mali yako na ni damu yako, lakini itoe ukijua jina lake ni zawadi, na yeye pia ajue. Mwambie: "Gari ni milioni 5 na nusu. Kwa kuwa wewe ni mwanangu, laki 5 nakuachia." Kiasi utakachoacha upange wewe, asikupangie yeye.

Kidogo kidogo mimi sipendi kabisa. Wakati anadaiwa, kadi itabidi ibaki na jina lako, na kila faini, kila ajali, kila bima iliyoisha itakuja kugonga mlango wako, na kikao cha familia kitaitwa siku utakapodai awamu ya tatu. Kama ana kazi, aende SACCOS ya kazini kwake akope, akulipe zote siku moja, kisha adaiwe na SACCOS. Wao wana namna ya kudai ambayo shangazi hawezi kuwa nayo. Mpe wiki moja ya kujibu. Akisema bado anajipanga, tangazo lipande Jumamosi, na akirudi baadaye alikute gari kwa bei ya watu wote.